Mgeni Aliyefuata Santuri za Mzungu

Msiniulize kama nilikuwa nimelewa. Rubisi sikuionja siku zile zote za msiba, na majirani zangu wa Nyaishozi wa miaka ile kabla ya Uhuru wanalijua hilo. Haya yalinipata mimi, ndani ya nyumba yangu, taa ikiwaka. Anayetaka kucheka acheke, mimi nitaendelea.

Nilikuwa fundi cherehani. Mke wangu, Koku, alifariki kwa uzazi akaacha mtoto wa kike. Nilisimama kaburini nikasikia udongo ukishuka, na nilichokuwa nawaza ni kwamba kola ya shati la katekista imeshonwa vibaya. Si kwamba sikumpenda. Nilimpenda sana, lakini nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima, kama mguu ulioukalia vibaya kanisani.

Kwetu mwanamume anayemzika mkewe bila chozi hatazamwi vizuri. Watu huanza kujiuliza alimfanya nini. Mama mkwe akamchukua mtoto, akaenda naye kwake Mabira, akaacha neno: "Akimlilia binti yangu, nitamrudisha mjukuu. Asipomlilia, asinifuate." Mnaona nilivyobanwa? Ili nimpate mwanangu nilitakiwa kulia, na kulia siwezi. Nilijaribu hata vitunguu, niaminini. Macho yaliwasha, pua ikavuja, basi.

Katika siku hizo Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alikuwa anahama. Nilikuwa nimemshonea mapazia, akaniachia gramafoni yake na sanduku la santuri. Nikadhani nimepata dansi. Kumbe! Santuri nzito, zimefungwa kwa magazeti, lebo zake za lugha nisiyoijua, na hakuna hata moja yenye mwimbaji. Rafiki yangu karani, Mhaya wa Muleba, alizigeuza geuza akacheka.

"Mzungu wako amekutupia mzigo," akasema. "Aliwahi kuniambia kwamba waliotunga hizi ni wa enzi za babu wa babu yake, na hata huko kwao hakuna anayepiga nyimbo zao tena. Yeye alizisaka kila mahali, sijui za nini."

Nikaweka sindano. Kwanza mikwaruzo, halafu vyombo vingi kwa pamoja, halafu vyote vikanyamaza ikabaki fidla moja kubwa, ile ambayo mpigaji hukaa akaibana kwa magoti. Karani aliiita selo. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima anayelia huku amefumba mdomo. Nikajisemea, hiki ndicho ninachotakiwa kufanya mimi. Nikawa naipiga kila jioni, nikisubiri kulia. Wapi!

Jioni moja, mvua inanyesha na giza ndiyo kwanza linaingia, mwanamke akapiga hodi.

"Hii ndiyo nyumba ya msiba?"

"Ndiyo, mama. Karibu."

Kwetu anayekuja kulia msibani haulizwi jina wala ukoo. Unampisha, unampa pa kukaa. Nikampisha. Alikuwa amejifunga lubugo, lile vazi la gome la mti. Wakati ule sisi tulishavaa merikani, lubugo tumewaachia wanaozikwa. Nililiona hilo na sikuogopa. Mtu aliyekufa ganzi ataogopa nini? Nikamletea kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni yeyote.

"Sikuja kutafuna," akasema, akainyooshea kidole gramafoni. "Nimesikia huyu analia. Rudia."

Nikazungusha mkono wa gramafoni, nikarudisha sindano mwanzo. Akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Aliyetunga hii, nani alimlilia?"

"Sijui, mama. Wanasema amesahauliwa."

"Na huyu wa hapa?"

"Nimeshindwa."

Akanitazama. "Nikulilie?"

Nyinyi mngejibu nini? Msibani mtu akitaka kukusaidia kulia humkatazi, ni sawa na kumfukuza. Nikasema, "Lia, mama."

Akalia. Alimtaja Koku kwa jina, akataja alivyokuwa akicheka peke yake akimenya ndizi, alivyokuwa akinifunika shuka nikisinzia kwenye cherehani, mambo niliyoyajua mimi tu. Lakini mashavu yake yalikuwa makavu. Kilicholowa kilikuwa shati langu. Nikajishika uso, machozi yananitiririka, na ndani sisikii kitu, si uchungu wala nafuu. Kilio kilikuwa chake, mimi nilikuwa na maji tu. Santuri ilipokwisha akainuka, akatoka na kilio kile. Nikamsikia akishuka bondeni, bado analia, mpaka mvua ikamfunika.

Kesho yake macho yangu yalikuwa yamevimba, na majirani walikuwa wamesikia. Habari zikafika Mabira. Mama mkwe akaja, akasimama uani mbali nami, kama heshima ya ukwe inavyotaka, akanitazama usoni.

"Sasa umemlilia, mwanangu," akasema, na yeye akaanza kulia. Akamlaza mtoto kwenye mkeka katikati yetu, akarudi nyuma. Nikamchukua. Alikuwa na joto, ananukia maziwa. Nilingoja furaha. Bado naingoja.

Nimemlea vizuri, hakuna wa kunisema. Nilimshonea sare za shule. Alipougua nilimbeba mgongoni hadi hospitali ya Nyakahanga. Siku ya kumwoza alinikumbatia shingoni akilia, nami nikampapasa mgongo nikisubiri amalize. Akajitoa, akaniangalia.

"Baba, hivi uliwahi kunipenda?"

"Sana," nikamjibu, kwa sababu najua hilo ndilo jibu.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kupanda gari.

Basi wewe unayenisikiliza, ukifiwa na machozi yakakataa, yaache yakatae. Watu wakuseme wanavyotaka, mtoto akae kwa bibi yake hata miaka. Lakini akija mtu kwa upole, akakuomba akulilie, mwambie hapana. Mwambie huyu ni wangu, nitamlilia mwenyewe.