Nilivyouvua Mwaloni Nguo

Usafi wangu nusura uue mti. Tena si mti wa juzi, ni mwaloni mkongwe kuliko nyumba zote za mtaa ule wa London.

Nilikuwa nafanya usafi kwenye hekalu moja la Kibudha, Jumanne na Alhamisi. Nilitoka Unguja msichana, baada ya mapinduzi, na nimesafisha maofisi mengi Kilburn na Wembley, lakini kazi ile niliipenda. Watawa wale hawampi mwanamke mkono, wala hawapokei kitu mkononi mwake. Unakiweka chini, mwenyewe anakiokota. Nikasema, basi hapa nimefika kwetu!

Mtawa mkuu, mzee wa Kithai mpenda kucheka, ndiye aliyenihadithia habari za pale. Zamani palikuwa na mialoni minne na nyasi tupu. Tajiri mmoja wa Kiingereza akajenga nyumba pembeni yake, warithi wakaiuza, watawa wakainunua wakaifanya hekalu. Mwaloni wa nne ulipoanguka wenyewe, wakaupasua mbao wakajengea banda la wazi la kukaa na kutafakari. Mimi nililiita baraza, na chai yangu nilikuwa nanywea humo.

Mwaka ule upepo ulivuma vibaya. Miti kadhaa ya bustanini ikalegea mizizi, ikaamuliwa ikatwe. Ili wakataji wasikosee, watawa wakaifunga mialoni mitatu vitambaa vya manjano: wenye nguo usiguswe, usio na nguo ukatwe. Hayo nimeyajua baadaye, hakuna aliyeniambia. Mimi Alhamisi ile niliona kitambaa cha mwaloni mkubwa kimejaa tope na mavi ya ndege. Jamani! Mtu wa Unguja aache nguo ya ibada katika hali ile? Nikakifungua, nikakitia kwenye mfuko, nikapanda basi.

Nyumbani nikakiloweka, nikakifikicha, nikakianika bafuni, kisha nikakifukiza udi. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hujibu Kiingereza, akaniuliza kama nimeomba ruhusa.

"Ruhusa ya kufua?" nikamwambia. "Hebu nitokee hapa."

Asubuhi yake nikakirudisha, najisifu njia nzima. Kufika getini nasikia msumeno unanguruma. Mtawa mkuu alikuwa amekwenda kupokea wageni uwanja wa ndege. Alibaki kijana mmoja mtawa, Kiingereza hajui hata neno, ameukumbatia mwaloni kwa mikono miwili. Mbele yake jitu la helmeti linamwonyesha karatasi: mti hauna nguo, unakatwa. Lahaula!

"Ngojeni! Ngojeni!" nikapiga kelele, kwa Kiswahili, sijui hata kwa nini.

Nikakitoa kitambaa. Kijana akakitazama, asinyooshe mkono. Nikiweke chini aokote? Kuuacha mti hakutaka hata kidogo. Mkataji akasema kufunga vitambaa si kazi yake. Nimebaki mimi. Na mama yangu, Mungu amrehemu, alitulea akituambia kwamba wanaofunga vitambaa mitini ni watu wa mizimu, Muislamu asisogee. Nikasimama pale na nguo yangu inanukia udi, naogopa dhambi, naogopa msumeno. Mwisho nikasema bismillahi, nikauzunguka mti, kijana akainama kunipisha, nikaufunga kwa lile fundo ninalofungia kanga nikiwa jikoni.

Mkataji akacheka, akazima msumeno, akachora mstari kwenye karatasi yake, akaenda mti mwingine.

Mimi nikaenda kukaa barazani, nikalia, nikacheka, nikalia tena. Nimeona vingi vikiangushwa tangu utotoni, na siku ile kimoja kilibaki kimesimama. Alhamdulillahi, nilisema mpaka koo likakauka.

Mtawa mkuu aliporudi nikamweleza kila kitu. Akakinusa kitambaa, akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia mti hakuna anayeuabudu. Nguo ile ni kama vazi la mtawa, ya kumtia mtu haya kabla hajainua shoka. Pumzi zikanishuka.

Sasa kitambaa kikichakaa hunipigia simu mimi. Naenda, nasema bismillahi yangu, nafunga fundo la kanga, kisha naswali adhuhuri palepale barazani. Mama angekuwa hai angenisuta vibaya sana. Lakini mti upo.