Naftali wa Lango la Pili na Kadi Niliyoiziba

Naftali Kiplimo alisimama kama mlinzi kwenye Lango la Pili la shule yetu, hapa Rashidiya, katika nchi ya Kiarabu, kwa miaka tisa kabla sijamuuliza swali lolote la maana. Nalisema hili kwa aibu, maana kazi yangu ni kuwahoji watu. Mimi ndiye mtunza kumbukumbu wa shule, nimeisomea kazi hiyo, nilikuwa na vinasa sauti viwili, na kila asubuhi nilimpita nikisema "Habari za kazi?" bila kungoja jibu.

Hatimaye nilimhoji kwa kuwa Mwalimu Mkuu aliniagiza. Timu yetu ya wasichana ya kulenga shabaha kwa bunduki za upepo ilikuwa imeshinda mashindano matano mfululizo, ilhali mwalimu aliyeianzisha aliacha kazi mwezi wa kwanza wa msimu. Nani, basi, aliyekuwa akiifundisha? "Anko Naftali," walijibu wasichana wote watatu, kama mtu anavyojibu swali la kijinga.

"Hakuna stori kubwa, Madam," Naftali aliniambia. "Nilikuwa skauti wa wanyamapori kule Laikipia miaka sita. Kulenga ni kidogo tu. Kazi yenyewe ni kungoja. Hapa getini pia nangoja. Sasa hawa watoto nimewafunza kungoja."

Aliwafunza jioni, wakisubiri basi. Kila msichana alinyoosha mkono na kushika kikombe cha karak kilichojaa hadi ukingoni, akihesabu pumzi zake, na chai isimwagike. Nilijaribu na mimi, kwa ajili ya utafiti. Nilimwagia kinasa sauti cha kwanza chai yote.

"Yalla, Miss, bado unacho kimoja," alinifariji Lujain, mlengaji wetu bora.

Kabla hatujaagana, Naftali aliniomba nizime hicho kilichobaki. Mwalimu Mkuu alikuwa amemwahidi kwamba timu ikitwaa kombe, shule itamwajiri yenyewe badala ya kampuni ya ulinzi, atoke langoni, juani, akausimamie ukumbi wa shabaha. "Usiandike bado," akasema. "Tungoje."

Shindano la sita, fainali ya kuamua kombe, lilifanyika kwetu siku ya Alhamisi. Lilimalizika kwa pointi sawa, na kwa kanuni, wakilingana, kombe hubaki kwa mabingwa wa mwaka uliotangulia, yaani wageni wetu. Ila risasi ya mwisho ya Lujain ilikuwa na utata. Aliyeandika matokeo aliipa tisa. Lujain alishikilia kwamba tundu lilikuwa limegusa duara la kumi. Mwamuzi wa ligi, Bwana Sulaiti, angekuja Jumatatu kulipima kwa kifaa chake. Kwa kuwa kabati langu ndilo pekee lenye kufuli ya maana, Naftali aliniletea kadi ya shabaha ndani ya bahasha.

"Iweke vizuri, Madam."

Hilo ndilo kosa lake la pekee katika msimu mzima.

Jumapili niliifungua bahasha, niorodheshe kilichomo. Nikaona karatasi iliyokunjika pembe na kuchanika katikati. Nilijua kwamba ni kadi ya shabaha. Nilijua pia kwamba Jumatatu ingepimwa. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu katika majalada tofauti. Nilipika gundi ya wanga, nikabandika kwa nyuma karatasi nyembamba ya kukarabatia nyaraka, nikazilaza nyuzi zilizochomoza, kisha nikaikandamiza kadi chini ya kamusi mbili. Nilipomaliza, hata kidole hakikuweza kulihisi lile tundu. Nilijipongeza. Nilipiga na picha.

Jumatatu, kwenye meza yangu maktabani, Bwana Sulaiti aliinua kadi kwenye mwanga, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Wao wanasema tisa, nyinyi mnasema kumi," alisema. "Mimi naona sifuri."

Naftali alinitazama. Afadhali angenifokea.

"Madam, umeishona?"

"Nimeikarabati."

"Umeishona."

"Khalas, imekwisha," Lujain akasema, akakaa sakafuni.

Mwamuzi alieleza kwa upole kwamba tundu lisipopimika, hesabu ya kwanza ndiyo husimama. Tisa, basi. Hapo nikakumbuka somo la kwanza kabisa nililofundishwa: usifanye ukarabati usioweza kutenguliwa. Gundi ya wanga huachia kwa maji. Niliomba maji ya uvuguvugu na dakika kumi; Bwana Sulaiti akakubali, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe asibanduke pale mezani. Nililowesha brashi, nikaanza kuisukuma karatasi kwa pupa.

"Vuta pumzi, Madam," Naftali akasema nyuma yangu. "Toa nusu. Sasa ngoja. Usisukume… Ngoja."

Nikangoja. Ile karatasi nyembamba ikaachia yenyewe, pembe kwa pembe, na tundu likaonekana likiwa zima. Ilibidi kadi ikauke. Naftali hakukaa, mabasi yalikuwa yanaingia, akarudi langoni. Kwa hiyo hakuwapo Bwana Sulaiti alipotumbukiza kipimo chake, akainamia lenzi kwa muda mrefu kupita adabu, kisha akasema neno moja: "Kumi."

Lujain alimpelekea habari mbio, kiatu kimoja kikibaki maktaba.

Sasa Naftali anasimamia ukumbi wa shabaha, na ufunguo anauning'iniza kiunoni. Wiki iliyopita nilikwenda kumwomba kadi ile kwa ajili ya kumbukumbu za shule.

"Utaiangalia hapa hapa, Madam. Mikono nyuma."

"Nitaandikaje hali yake, mikono ikiwa nyuma?"

Akaniruhusu mmoja. Niliandika: tundu moja, limegusa duara la kumi, alama ya gundi upande wa nyuma. Aliinama, akasoma.

"Na aliyeweka gundi? Andika."

Nikaliandika jina langu kwa penseli inayofutika, kama tulivyofundishwa. Naftali akatoa kalamu ya wino mfukoni, akanipa.