Kocha Mpya Awasili, Wachezaji Wako Geita

Jumatatu jioni tulijaa uwanjani hapa Shinyanga kumwona kocha mpya wa timu yetu akianza kazi. Alipotufikia akamwamkia mzee aliyekaa mbele yangu.

"Marahaba, mwalimu," mzee akaitikia. "Msimu huu tutegemee nini?"

"Mpira wa chini," kocha akasema, kiganja chake kikiteleza hewani. "Pasi fupi, pasi fupi, mpaka golini. Sitaki mtu wa kubutua."

Tukapiga makofi. Akapuliza filimbi kuwaita wachezaji, wakaja wachache ambao hawafiki hata nusu ya timu.

"Wenzenu wako wapi?"

Nahodha akainama kufunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. "Wako Geita, mwalimu. Dhahabu imeonekana huko."

"Watarudi lini?"

"Wengine sijui. Beki wetu wa kati harudi. Shimo limemfukia juzi."

Kocha akavua kofia, nasi tukavua. Halafu, kwa sauti ya chini, akawapanga vijana waliobaki mbele ya goli na kuwafundisha kuzuia. Pasi fupi hakuzitaja tena.

Mazoezi yalipoisha nahodha akamfuata. "Mwalimu, naomba ruhusa kesho."

"Nenda, mwanangu. Kamzikeni mwenzenu."

"Tumeshamzika, mwalimu. Naenda kuchimba."

Kocha alibaki amemshika bega.

Mnaoniuliza kuhusu kocha huyu, jibu langu ni kwamba mpira anaujua. Akifungwa, msimzomee.