Ndagala za Mama

Jirani anakaanga ndagala, visamaki vya ziwani, na harufu yake imenirudisha darasani kwetu Buyenzi. Mwalimu alikuwa akifundisha vyakula vinavyojenga mwili, akaniuliza jana yake nilikula nini.

"Bugali na chumvi," nilijibu.

Darasa zima likacheka. Nilitamani kuingia chini ya dawati.

Nyumbani nilimsimulia mama huku nikilia. Jioni ile alinunua ndagala kidogo, akaziweka zote kwenye sahani yangu.

"Kula, mutoto wangu. Kesho akikuuliza, umuambie."

"Na we, mama?"

"Mi nimeshiba."

Nilijua hajala tangu asubuhi. Nilikula nimeinamisha kichwa, sikubakiza hata moja.

Siku iliyofuata mwalimu alifundisha hesabu, wala hakuniuliza kitu.