Mpiga Enanga wa Kashai

Baba alipofariki, mimi sikuweza kukaa. Tulimzika nyumbani Buganguzi, pembeni ya kibanja, karibu na migomba aliyoipanda mwenyewe, kisha nikarudi Bukoba kufundisha. Chumbani kwangu Rwamishenye nilikuwa nikianza kupika naacha, nikiloweka nguo natoka. Darasani nilitembea kutoka dirishani hadi mlangoni mpaka wanafunzi wakachoka kunifuata kwa macho.

Dada yangu mdogo anaishi Kashai, na ndiye aliyeniambia habari za yule mwanamuziki. Redioni nyimbo zake hazikupigwa. Watu walitumiana rekodi zake kwa simu. Alipiga enanga, ule ubao wa nyuzi ambao zamani ulisindikiza nyimbo za mashujaa, ila yeye alikuwa ameuunganisha na spika, ukanguruma kama mashine ya kukoboa kahawa. Dada alisema Jumamosi mchana atapiga kwenye ukumbi mdogo nyuma ya duka la vipuri, na kwamba nitakwenda, nitake nisitake.

Watu hawakuwa wengi. Mwanamuziki alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, na alikaa ametugeuzia mgongo. Aliimba kuhusu bomba lililopasuka mtaani kwake, kisha kuhusu jirani anayekoroma, akichanganya Kihaya na Kiswahili. Katikati ya wimbo alinyamaza, akaanza kukaza nyuzi kana kwamba hatupo. Mama mmoja nyuma yetu alinung'unika kwamba huyu anaharibu enanga ya watu.

Nilitoka nje. Nikarudi, nikakaa, nikatoka tena. Kila nilipoinuka, kiti cha plastiki kilikwaruza sakafu. Niliporudi tena, mwanamuziki aliacha kupiga, akageuka.

"Wewe mwenye shati jeupe, una nini?"

Ukumbi mzima ulinitazama. Nilitaka kusema sina kitu, lakini nikajikuta nasema, "Siwezi kukaa."

"Basi usikae. Tembea humu humu ndani, nikusikie."

Dada alinishika shati ili nisiende. Nilikwenda. Nilianza kuzunguka viti, nikifuata ukuta, huku nikiona aibu. Yeye aliinamisha kichwa kidogo, kisha akaanza kugonga nyuzi kwa kufuata hatua zangu. Nikiharakisha, anaharakisha, nikisita, uzi mmoja unabaki ukilia peke yake. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, "Genda, genda," yaani nenda, nenda. Hakuna aliyecheka. Sikuwa namfikiria baba. Nilifikiria soli za viatu vyangu na jasho mgongoni. Halafu nikaegemea ukuta, nikalia mbele ya watu nisiowajua. Kaburini sikulia. Mimi ndiye mtoto mkubwa, siku ile nilikuwa nahangaika na maturubai na wageni.

Dada alikuja akanishika mkono, tukazunguka pamoja mara nyingine. Tulipokaa, mwanamuziki alikuwa ameshahamia wimbo wa mbuzi aliyekula kitambulisho.

Baadaye nilimfuata kumshukuru. Alikuwa anakunja nyaya. Aliniambia siku nyingine nikae karibu na mlango, maana nawasumbua wenzangu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Buganguzi. Sikuwa nimepona, hata njiani nilishuka garini kabla ya kituo changu, nikamalizia kwa miguu. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nilimsimulia yote, koti la mvua, bomba, mbuzi, hata kulia kwangu. Alisikiliza bila kuacha kumenya, kisha akauliza kama tata yetu, yaani baba, angempenda mtu yule.

Nilisema nadhani angetoka wimbo wa kwanza tu.

"Hapana," alisema mama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona akicheka. "Angekaa mpaka mwisho, apate cha kulalamikia wiki nzima."