Ngoja Mmoja Aimbe

Wiki iliyopita, hapa Dilala, binti wa jirani alinipa katoni nimshikie huku akitayarisha kamba ya kuifunga nyuma ya taksi-moto. Ilikuwa nyepesi, imetobolewa matundu ubavuni, na ndani yake nyenje walikuwa wanaimba. Nilipoigusa tu, wakanyamaza. Mteja alikuwa anawasubiri nyenje hao, chakula cha vifaranga wake, dereva alikuwa ameshawasha pikipiki, na mimi nikajikuta nimeikumbatia katoni, sikio juu ya kifuniko. Nikawaambia wangoje kidogo. Binti yule alinitazama kama mtu aliyerudi kutoka chuo kikuu na kasoro fulani. Huenda ni kweli. Lakini kasoro hii niliipata zamani zaidi.

Bibi yangu, ambaye nyumbani tulimwita kambo kama ilivyo desturi ya kwetu, alikuwa akifuga nyenje. Tuliishi katika nyumba moja ya zile za zamani za kampuni ya migodi, na katika chumba cha nyuma, mahali babu alipokuwa akiweka baiskeli yake, kambo alipanga mapipa yaliyokatwa nusu, trei za mayai zimesimama wima ndani yake, pumba za mahindi chini. Ukiingia ulikutana na harufu ya pumba na ya karatasi yenye unyevu, na kelele ambayo mwanzoni inakera, halafu huisikii tena. Kila asubuhi kabla ya shule nilibadilisha majani ya matembele na kuokota waliokufa. Kuku wetu walinifuata hadi mlangoni kama wadogo zangu.

Jirani yetu, mzee aliyewahi kuwa dereva wa malori ya kampuni, hakuchoka kutania. Asubuhi moja aliuliza kupitia ukutani kama wale nyenje wameshabatizwa. Kambo alimjibu kwamba wanasubiri yeye atangulie.

Basi mwalimu wangu wa darasa la pili alihamishiwa Mutshatsha, akaanza kufuga kanga. Siku moja akatuma ujumbe kupitia abiria mmoja wa treni: vifaranga wake wameanguliwa, lakini hawadonoi kitu kisichotembea, na kila asubuhi anawakuta wamepungua. Alikuwa anaomba nyenje wadogo, wazima. Kambo hakuwahi kutuma nyenje mbali kuliko soko letu. Alikubali siku hiyohiyo.

Mzee dereva alicheka hadi akakohoa. "Mama, mu ile treni batu benyewe banafika nusu ya kufa. Sasa banyenje?"

Kambo alikuwa na sheria za kufungasha, na hakutaka zihojiwe. Matundu hutobolewa kwa msumari wa moto, ubavuni tu, kamwe si chini. Trei hukatwa zikae bila kucheza. Nyasi kavu hujaza pembe. Na hakuna kuweka chakula, kwa sababu kitu kibichi huoza, hutoa joto, na wote hufa. Safari ilikuwa ya siku moja. Nikauliza, na treni ikichelewa? Akasema kama maswali yangu yangekuwa nyenje, tungelisha kuku wa Katanga nzima. Hilo halikuwa jibu, na nililijua hilo hata kwa umri ule. Alipotoka kutafuta kamba, nikasukuma vipande vya kiazi kitamu chini ya trei.

Stesheni, karani wa mizigo alinyoosha mikono kuichukua katoni. Kambo hakuiachia. Aliinama, akaweka sikio juu yake. Nyuma yetu watu walikuwa na magunia na magodoro, wakaanza kunung'unika.

"Mama, treni inaenda," karani alisema.

"Ngoja moja aimbe kwanza, tata. Mi sitoe kitu chenye sijue kama kiko kizima."

Tukangoja. Karani mwenyewe akainama, kofia mkononi. Kisha kutoka ndani, mmoja akaanza, kwa sauti nyembamba, na kambo akafungua mikono.

Kesho yake tulisikia kwamba injini imeharibika njiani kabla ya Mutshatsha. Siku ya pili, bado. Siku ya tatu mzee dereva hakutania tena, na hilo ndilo lililonitisha. Nilianza kuiona katoni ile imesimama juani, kiazi changu kinaoza ndani, na vifaranga wa mwalimu wamenyoosha shingo. Nikamwambia kambo nilichofanya. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Basi," akasema, "kama banakufa, banakufa benye kushiba."

Siku ya sita mama mmoja muuza makaa alishuka treni iliyotoka upande ule, akaja moja kwa moja kwetu, vumbi jeusi hadi kwenye kope. Mwalimu alikuwa amemtuma. "Banafika bazima," alisema kabla ya kuketi. "Hata kiazi hakibakie. Balianza kukula katoni." Na kanga walikuwa wanadonoa. Kambo alimpa maji, akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango. Nilimsikia akicheka peke yake. Mimi nilikaa chini palepale kwenye saruji.

Sijadai kamwe kwamba nilikuwa sahihi. Treni ingefika kwa wakati, kiazi kisingekuwa na kazi yoyote. Lakini katoni iliyofuata kambo aliikatia kiazi yeye mwenyewe, huku akinieleza kwamba chakula si lazima.

Kambo hayupo tena. Chumba cha nyuma kimepangishwa, humo wanauza vocha za simu, na mlio wa treni sikumbuki niliusikia lini mara ya mwisho. Wanaosema zamani ilikuwa bora siwaamini. Zile siku sita simtakii mtu. Siku hizi katoni huondoka, na kabla chai haijapoa mteja ametuma picha ya vifaranga wake wakila. Nashukuru kwa hilo, kwa moyo wote.

Ila hakuna anayeinama tena. Dereva wa taksi-moto alipiga honi, binti yule akavuta kamba, nami bado nimeikumbatia katoni. Kimya. Kisha, chini ya sikio langu, mmoja akaanza. Nikaiachia.