Majibu ya Damu ya Marwa

Siku niliyorudi Itiryo na chupa tupu za kuchukulia damu, mwanangu, naikumbuka hadi leo, na leo nakusimulia nikiwa na hasira. Jana ulikaa hapa kwangu Nyamisangura ukajisifu kwamba umetoka Nyanungu na damu ya ukoo mzima. Nikakuuliza kama wenyewe wamepewa majibu. Ukasema, "Bado, mama, utafiti haujaisha." Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi. Basi kaa, usikilize.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo, natafuta ni nini katika vinasaba na homoni kinachopandisha presha katika familia moja na kuiacha ya jirani. Itiryo nikaipata familia ya Marwa. Alikuwa mfugaji, hajafika miaka arobaini. Baba yake alikufa kwa kiharusi, kaka zake wawili vilevile, nao walikuwa bado vijana. Watu walisema ni laana. Marwa mwenyewe alikuwa anameza dawa za presha bila kukosa, na presha haishuki.

Nikamtoa damu, yeye na dada yake Ghati, naye aliyekuwa anameza dawa hizo hizo. Alipokuwa anashusha mkono wa shati akaniuliza, "Majibu utayaleta?"

"Nitayaleta," nikasema.

Majibu yalifika kutoka maabara mwezi wa nne. Tezi zinazokaa juu ya figo zake zilikuwa zinatoa kupita kiasi ile homoni inayozuia chumvi isitoke mwilini. Ya Ghati yalikuwa hivyo hivyo. Haikuwa laana. Ulikuwa ugonjwa wa kurithi, na una dawa yake, vidonge tofauti kabisa na vile alivyokuwa anameza. Nililijua hilo siku hiyo hiyo. Nikafurahi, mwanangu, na hapo ndipo panaponiuma: nilifurahi kwa ajili ya andiko langu. Mkubwa wangu wa kazi alisema tusubiri sampuli zote zikamilike. Sikubisha. Nikaiweka karatasi kwenye faili. Mahali pa jina paliandikwa namba, na namba haina mama.

Mwezi wa kumi nikarudi kuchukua damu ya pili. Nikamkuta Marwa amelazwa kwenye godoro, upande wa kulia umepooza, mdomo umekwenda kando, hawezi kusema. Mama yao, Bhoke, alikuwa anamlisha uji kwa kijiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta majibu?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku anamfuta mwanawe kidevu.

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa nne."

"Na yeye ameanguka mwezi wa nane." Akaweka bakuli chini. "Damu yake uliibeba kwenye barafu isiharibike. Yeye mwenyewe ukamwacha aharibike."

Nikaanza kueleza habari za mkubwa wangu, akanikatiza. "Mkubwa wako hakukaa kwenye kiti changu. Uliyekaa ni wewe. Sasa mchukue Ghati."

Nikampeleka Ghati hospitali siku ile ile, karatasi ya majibu mkononi, nikamweleza daktari, Ghati mwenyewe akisikia. Alibadilishiwa dawa, na baada ya wiki chache presha ikashuka. Leo ana wajukuu. Marwa aliishi miaka miwili tu, bila neno kutoka kinywani. Nilikwenda kwenye mazishi. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenisalimia.

Kwa hiyo usiniambie habari ya utafiti kuisha. Andiko lako linaweza kungoja hata mwaka. Mshipa wa kichwani mwa mtu haukungoji wewe. Ukimtoa mtu damu umejifunga naye. Ukiona kwenye karatasi jambo linaloweza kumuua, na lina tiba, inuka uende. Mwambie kwa lugha anayoielewa, kwa Kikurya ikibidi, kisha mfikishe kwa daktari. Mkubwa wako akikuzuia, mkatalie, na uandike kwamba umemkatalia. Akikufukuza kazi, njoo hapa nitakulisha. Lakini ukinyamaza kama nilivyonyamaza mimi, usiniite mama tena.

Haya, nenda. Mungu akutangulie, akupe miguu ya kufika mapema, na kila mlango utakaobisha hodi aufungue yule yule uliyemfuata, akiwa mzima na anacheka.